Sheria za Kimataifa Katika Shahada ya Kwanza: Shahada Maalumu, Sheria ya Nchi, au Uhusiano wa Kimataifa?

Mwanafunzi anayetaka kusoma sheria za kimataifa tangu shahada ya kwanza ana njia tatu za kuchagua. Ya kwanza ni shahada maalumu ya sheria za kimataifa, ambayo tangu mwaka wa kwanza hujengwa juu ya mikataba baina ya nchi, mahakama za kimataifa na mashirika ya kimataifa. Ya pili ni shahada ya kawaida ya sheria, inayofundisha sheria ya nchi fulani na kuziweka sheria za kimataifa kama somo moja au machache miongoni mwa mengi. Ya tatu ni shahada ya uhusiano wa kimataifa, ambayo si shahada ya sheria, lakini huzigusa sheria hizo kwa kuwa mwenendo wa nchi hauelezeki bila kuzitaja. Vyuo huzitangaza zote tatu kwa maneno yanayokaribiana sana: diplomasia, haki za binadamu, Umoja wa Mataifa, taaluma isiyojua mipaka. Tofauti zake hujitokeza baadaye, mhitimu anapoomba kuandikishwa uwakili, anapotafuta nafasi ya shahada ya uzamili, au anapoketi mbele ya jopo la usaili. Ni afadhali tofauti hizo zijulikane kabla ya fomu kujazwa.

Somo lenyewe ni pana kuliko linavyoonekana katika habari za vita na za mahakama za The Hague, mji wa Uholanzi. Sheria za kimataifa za umma zinasimamia uhusiano wa nchi na nchi, na wa nchi na mashirika: namna mikataba inavyofungwa na kufasiriwa kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa 1969, kinga za wanadiplomasia chini ya Mkataba wa Vienna wa 1961, mipaka ya baharini chini ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, matumizi ya nguvu chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, hifadhi ya wakimbizi chini ya Mkataba wa 1951 na Itifaki yake ya 1967, na sheria za vita zilizomo katika Mikataba minne ya Geneva ya 1949. Kando yake zipo sheria za kimataifa za watu binafsi, ambazo huuliza ni mahakama ya nchi gani isikilize shauri lenye pande za nchi mbalimbali, na kwa sheria ya nchi ipi: ndoa iliyofungwa nchi moja na kuvunjwa katika nchi nyingine, mtoto aliyevushwa mpaka na mzazi mmoja bila ridhaa ya mwenzake, mauziano ya bidhaa kati ya kampuni za mabara mawili. Matangazo ya vyuo hulitaja tawi hili la pili kwa nadra, ilhali ndilo linalowagusa watu katika maisha yao ya kila siku. Shahada maalumu iliyo nzuri hufundisha matawi yote mawili. Ukikuta mtaala wenye haki za binadamu muhula baada ya muhula, usio na hata somo moja la biashara ya kimataifa wala la sheria za watu binafsi, tambua kwamba unapewa nusu ya taaluma.

Njia hizi hazipatikani kila mahali kwa usawa. Nchini Marekani taaluma ya sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza ya fani nyingine, kwa miaka mitatu katika shule ya sheria, kwa hiyo katika ngazi tunayoizungumzia chaguo halisi la mwanafunzi huko ni uhusiano wa kimataifa, sayansi ya siasa au fani iliyo jirani. Katika Uingereza sheria husomwa moja kwa moja baada ya sekondari, na sheria za kimataifa huwa mojawapo ya masomo ya kuchagua. Uholanzi ina shahada za kwanza za sheria za kimataifa na za Ulaya zinazofundishwa kwa Kiingereza, mathalani katika Chuo Kikuu cha Groningen, na mjini Moscow chuo cha MGIMO kina kitivo kizima cha sheria za kimataifa. Kwa hiyo anayeamua kusoma shahada maalumu mara nyingi huwa ameamua pia, pengine bila kukusudia, kuhamia nchi nyingine, na uamuzi huo wa pili una gharama na matokeo yake.

Shauri moja, wasomaji watatu

Tofauti ya taaluma hizi huonekana vizuri zaidi tukiyaacha majina ya masomo na kuwaangalia wanafunzi watatu wakisoma shauri moja. Mwezi Aprili 2000 hakimu mpelelezi wa Ubelgiji alitoa hati ya kimataifa ya kumkamata Abdulaye Yerodia Ndombasi, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa tuhuma za matamshi ya uchochezi aliyoyatoa mwaka 1998. Kongo iliishtaki Ubelgiji katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, na tarehe 14 Februari 2002 mahakama hiyo iliamua kwamba hati ile ilikiuka kinga anayostahili waziri wa mambo ya nje aliye madarakani, na kwamba Ubelgiji ilipaswa kuifuta.

Mwanafunzi wa shahada maalumu ataanza na swali la chanzo cha sheria. Kinga ya balozi imeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa 1961, lakini kinga ya waziri wa mambo ya nje haikuandikwa humo, na ndiyo maana majaji waliitafuta katika desturi za kimataifa. Ataifungua Ibara ya 38 ya Hati ya mahakama hiyo, yaani mkataba unaoiongoza ICJ, inayotaja mikataba, desturi na kanuni za jumla za sheria, kisha ikayaweka maamuzi ya mahakama na maandishi ya wataalamu kuwa nyenzo za kusaidia tu. Hataishia kwenye hukumu. Atayasoma maoni binafsi ya majaji, kwa sababu swali gumu zaidi, yaani iwapo Ubelgiji ilikuwa na mamlaka ya kumshtaki mgeni kwa kosa lililotendeka nje ya ardhi yake, halikuamuliwa katika hukumu yenyewe bali limejadiliwa kwa kina katika maoni hayo.

Mwanafunzi wa sheria ya nchi ataingilia upande mwingine. Ataitafuta sheria ya Ubelgiji ya 1993, iliyopanuliwa mwaka 1999, iliyompa hakimu yule uwezo alioutumia. Atauliza ni nani aliyekuwa na haki ya kufungua malalamiko, ushahidi wa kiwango gani ulitosha kutoa hati, polisi wa nchi nyingine walifungwa nayo kwa kiasi gani, na mtuhumiwa angekuwa na kinga au utetezi gani kama angefikishwa mbele ya mahakama ya Brussels. Haya ni maswali ya wakili, na jibu la kila moja linatafutwa katika vifungu, kanuni za mwenendo wa mashauri na maamuzi yaliyotangulia.

Mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa ataangalia zaidi kilichofuata. Malalamiko yalifunguliwa Brussels dhidi ya viongozi wa nchi zenye nguvu, Marekani ikaishinikiza Ubelgiji hadharani, hata waziri wake wa ulinzi akazungumzia mashaka kuhusu mikutano ya NATO kuendelea kufanyika mjini humo, na ndani ya mwaka 2003 Ubelgiji ikaifuta sheria hiyo. Msomaji huyu atauliza kwa nini nchi ndogo ilijipa jukumu kubwa hivyo, kwa nini ililiacha, na kwa nini hukumu ya majaji haikuimaliza habari hiyo kama shinikizo la mshirika lilivyoimaliza.

Hakuna kati ya watatu hawa aliyeisoma habari hii kwa makosa. Mtu ambaye hajaamua anaweza kujipima kwa shauri hili au jingine lolote alipendalo, na kuangalia ni msururu upi wa maswali uliomfanya atake kuendelea kusoma. Nauamini mtihani huo mdogo kuliko kijitabu chochote cha matangazo, kwa kuwa miaka mitatu au minne ya chuo itajaa maswali ya aina hiyohiyo moja.

Haki ya kusimama mahakamani

Hapa ndipo penye uzito mkubwa zaidi katika ulinganisho wote, na ndipo wanafunzi wengi hufika wakiwa wamechelewa. Hakuna chama cha mawakili cha dunia nzima. Haki ya kuwa wakili hutolewa na nchi, au na jimbo ndani ya nchi, na kila mamlaka huweka orodha yake ya mambo ambayo mwombaji lazima awe ameyasoma: sheria ya katiba, sheria ya mikataba ya watu binafsi, jinai, madhara, ardhi na mali, ushahidi, mwenendo wa mashauri. Shahada ya sheria ya nchi imetungwa ili kuitimiza orodha hiyo. Shahada maalumu mara nyingi haikutungwa kwa nia hiyo. Uholanzi, kwa mfano, hutaka anayeomba uwakili awe amesoma masomo maalumu ya sheria ya Kiholanzi, na programu za sheria za kimataifa zinazofundishwa kwa Kiingereza kwa kawaida hazikidhi sharti hilo. Mhitimu wake ana shahada halali ya sheria kutoka chuo kinachoheshimika, lakini katika nchi aliyosomea hawezi kuomba leseni bila kurudi darasani.

Kasoro hiyo humfuata hata akivuka bahari. Jimbo la New York linajulikana kwa kuwaruhusu wahitimu wa sheria kutoka nje ya Marekani kufanya mtihani wake wa uwakili, baadhi yao baada ya kusoma shahada ya uzamili ya sheria nchini Marekani. Hata hivyo kanuni zake zinamtaka mwombaji aonyeshe kwamba elimu yake ya sheria imetimiza masharti ya kielimu ya uwakili katika nchi aliyosomea. Shahada isiyotosha nyumbani kwake inaweza basi isitoshe na huko pia. Upande wa pili kuna mfumo ulio wazi zaidi: tangu 2021 England na Wales zina utaratibu mpya wa kuwapata mawakili wa kundi la solicitors (mawakili wanaowashauri wateja moja kwa moja), unaomkubali mwenye shahada ya fani yoyote mradi afaulu mitihani miwili iliyowekwa na kukamilisha miaka miwili ya kazi inayotambuliwa. Chini ya utaratibu huo hata mhitimu wa uhusiano wa kimataifa hajafungiwa. Nchi hutofautiana kiasi hicho, na ndiyo sababu swali la leseni halijibiwi kwa jumla. Linajibiwa kwa kuutaja mji au nchi ambamo mtu anatarajia kufanya kazi.

Wengine husema kwamba leseni ya nchi haina maana kwa mtu ambaye macho yake yako The Hague. Masharti ya mahakama za huko yanaonyesha vingine. Ibara ya 2 ya Hati ya ICJ inataka majaji wake 15 wawe na sifa zinazohitajika nchini mwao kwa nafasi za juu kabisa za ujaji, au wawe wanasheria ambao umahiri wao katika sheria za kimataifa unatambulika. Mkataba wa Roma wa 1998, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, nao unataka majaji wake 18 wawe na sifa za nchini mwao za kushika nafasi za juu za ujaji. Kanuni za mahakama hiyohiyo humtaka wakili wa utetezi awe na umahiri katika sheria za kimataifa au katika sheria na mwenendo wa jinai, pamoja na uzoefu wa mashauri ya jinai alioupata akiwa jaji, mwendesha mashtaka, wakili au katika nafasi ya namna hiyo. Uzoefu wa aina hiyo, kwa sehemu kubwa, hupatikana katika mahakama za nchi. Mbele ya ICJ, ni kweli, hakuna leseni inayodaiwa, kwa kuwa kila nchi humteua imtakaye kuizungumzia. Lakini nchi zenye mpaka au heshima ya kupoteza huwateua maprofesa na mawakili waliokwishajulikana.

Kuna pia sababu iliyo ndani ya sheria zenyewe. Hukumu ya kimataifa hukamilika pale inapotekelezwa na vyombo vya nchi, na hilo hutegemea katiba ya nchi hiyo. Mwaka 2004, katika shauri la Avena lililofunguliwa na Mexico dhidi ya Marekani, ICJ iliamua kwamba Marekani ilikiuka haki za raia wa Mexico waliokamatwa bila kuelezwa haki yao ya kuwasiliana na ubalozi mdogo wa nchi yao, na kwamba hukumu zao zilipaswa kupitiwa upya. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Medellín, mfungwa mmoja miongoni mwa raia hao, dhidi ya jimbo la Texas, ilisema kwamba uamuzi ule wa ICJ haukuwa sheria inayotekelezeka moja kwa moja katika mahakama za Marekani. Aliyesoma mkataba wa kibalozi wa 1963 peke yake anajua kwamba haki ilikiukwa. Ili aelewe kwa nini mfungwa hakunufaika na ushindi huo, anahitaji kuijua katiba ya Marekani.

Kutokana na hayo yote, msimamo wangu ni kwamba njia hizi mbili za sheria haziko sawa katika kurekebishika. Aliyeanza na sheria ya nchi na baadaye akataka kuzama katika sheria za kimataifa anaweza kusoma shahada ya uzamili, ambayo mara nyingi ni ya mwaka mmoja, na akafika mahali palepale alipofika mwenzake. Aliyeanza na shahada maalumu na baadaye akataka uwakili huenda akalazimika kuongeza miaka kadhaa ya masomo ya msingi, na wakati mwingine kuanza shahada nyingine. Kwa kijana wa miaka 18 au 19 ambaye bado hajui ataishi wapi wala atapenda kazi gani, ningeshauri aanze na sheria ya nchi, katika kitivo chenye walimu wa kweli wa sheria za kimataifa.

Shahada maalumu inapofaa zaidi

Ushauri huo una mipaka, na mipaka yake ni ya haki. Katika shahada nyingi za sheria ya nchi, sheria za kimataifa za umma hupewa muhula mmoja, tena pengine kama somo la kuchagua. Mwanafunzi huweza kuhitimu akiwa ameisikia Ibara ya 38 mara moja tu, hajawahi kusoma hukumu nzima ya ICJ, na hajui kutofautisha azimio la Baraza Kuu na azimio la Baraza la Usalama kwa nguvu zake za kisheria. Mwenzake wa shahada maalumu, kufikia mwaka wa pili, amekwishafanya mazoezi ya kufasiri mikataba kwa kanuni za Ibara za 31 hadi 33 za Mkataba wa Vienna, amesoma shauri la Lotus la 1927, la Mlango wa Corfu la 1949 na la Nicaragua la 1986, na anaweza kuandika hoja kuhusu uwajibikaji wa nchi akitumia vifungu vilivyokamilishwa mwaka 2001 na Tume ya Sheria za Kimataifa ya Umoja wa Mataifa. Kina hicho hakipatikani kwa kusoma wakati wa likizo.

Faida nyingine ni ya namna ya kufikiri. Anayefundishwa mfumo mmoja wa sheria huuona kuwa ndio hali ya kawaida, na mifumo mingine kuwa vighairi. Madarasa ya shahada maalumu huwakutanisha wanafunzi wa mifumo tofauti, wale waliozoea msimbo wa sheria ulioandikwa na wale waliozoea maamuzi ya mahakama, na tangu mwanzo hulinganisha. Katika usuluhishi wa kimataifa wa migogoro ya kibiashara, ambako jopo moja huweza kuwa na wasuluhishi wa mifumo mitatu, uwezo huo una thamani kubwa.

Kwa hiyo shahada maalumu inamfaa vizuri yule ambaye hana nchi moja anayoitazamia kuwa mahali pake pa kazi, aliyekwishaamua kwamba hatafuti uwakili, au anayelenga utafiti na ualimu wa chuo kikuu. Inamfaa pia aliye tayari, kwa moyo na kwa mfuko, kusoma shahada ya uzamili mara tu amalizapo, maana shahada ya kwanza peke yake katika taaluma hii mara chache humfikisha mtu anapotaka kwenda. Na inamfaa aliyejipima kwa mashauri na kukuta kwamba anapenda kweli kusoma mikataba na hukumu ndefu. Kupenda habari za dunia ni jambo jema, lakini habari za dunia hazijai katika mtaala huu kama watu wanavyodhani; kilichojaa ni maandishi makavu yanayosomwa neno kwa neno.

Uhusiano wa kimataifa

Kuhusu njia ya tatu, inatosha kusema machache. Shahada ya uhusiano wa kimataifa huchanganya historia, siasa, uchumi na nadharia za mwenendo wa nchi, na sheria huwa humo kama somo moja au mawili. Humwandaa mtu vizuri kwa diplomasia, uchambuzi wa sera, uandishi wa habari za kimataifa na kazi za mashirika ya misaada. Haimfanyi mtu kuwa mwanasheria, na shahada nyingi za uzamili za sheria hutaka shahada ya kwanza ya sheria, ingawa ziko za haki za binadamu na za masuala ya kibinadamu zinazowapokea wahitimu wa fani nyingine. Mtu aliyeipenda sehemu ya mwisho ya habari ya Ubelgiji kuliko sehemu za kwanza asione haya kuichagua. Yule anayeichagua kwa kudhani kwamba ni njia nyepesi ya kuifikia sheria ndiye ninayemwonea wasiwasi.

Kazi ziliko

Mahakama za kimataifa ni chache na watumishi wake si wengi, na baadhi huanzishwa kwa muda. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilifunga kazi mwaka 2015, na ile ya Yugoslavia ya zamani mwaka 2017. Chombo cha rufaa cha Shirika la Biashara Duniani hakijaweza kusikiliza rufaa tangu Desemba 2019 kwa kukosa akidi ya wajumbe. Kuichagua shahada kwa ajili ya jengo moja la mahakama ni kujifunga na kitu ambacho siasa za nchi huweza kukibadilisha kabla mwanafunzi hajahitimu.

Sehemu kubwa ya kazi ya sheria za kimataifa hufanyika ndani ya nchi: idara za sheria za wizara za mambo ya nje, ofisi za mwanasheria mkuu, mashauri ya wakimbizi na ya kuwarejesha watuhumiwa makwao, kampuni za meli na bima, benki zinazopaswa kufuata vikwazo, na ofisi za mawakili zinazotekeleza tuzo za usuluhishi, yaani maamuzi ya wasuluhishi, chini ya Mkataba wa New York wa 1958, ambao umeridhiwa na nchi zaidi ya 170. Nyingi kati ya kazi hizi humtaka mtu anayejua mkataba wa kimataifa na sheria ya nchi kwa pamoja, na baadhi humtaka awe na leseni. Hapo mhitimu wa sheria ya nchi yuko mbele kidogo, na akiongeza uzamili anakuwa mbele sana.

Katika Umoja wa Mataifa uwanja uko sawa zaidi. Programu yake ya wataalamu vijana hupokea waombaji wasiozidi miaka 32, kutoka nchi zilizoalikwa mwaka husika, wenye angalau shahada ya kwanza katika fani inayotangazwa na wanaojua Kiingereza au Kifaransa kwa ufasaha. Nafasi nyingine za ngazi za chini za kitaalamu kwa kawaida hutaka shahada ya uzamili, au shahada ya kwanza ikiambatana na miaka ya ziada ya uzoefu. Kwa nafasi za kisheria, wahitimu wa uhusiano wa kimataifa huachwa nyuma. Kwa nafasi za masuala ya siasa, mara nyingi wao ndio hufaa zaidi.

Lugha hupuuzwa mno katika mazungumzo haya. ICJ na ICC hufanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, na Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita. Mwanasheria mzuri mwenye lugha moja tu kati ya hizo hukosa nafasi ambazo mwenzake wa kiwango hichohicho mwenye mbili huzipata. Nikilazimika kuchagua kati ya shahada maalumu isiyomfundisha mwanafunzi lugha ya pili na shahada ya sheria ya nchi inayompeleka mwaka mmoja katika chuo cha lugha nyingine, ningechukua hiyo ya pili bila kusita.

Namna ya kuupima mtaala

Baada ya kuchagua njia, bado programu mbili zenye jina moja huweza kutofautiana sana. Omba orodha ya masomo ya lazima ya miaka yote, maana orodha ya masomo ya kuchagua huweza kuwa ndefu na nusu yake isifundishwe mwaka wako. Angalia kama wanafunzi husoma hukumu zenyewe au muhtasari wake. Uliza kama chuo hupeleka timu katika mashindano ya mahakama ya mfano, hasa ya Philip C. Jessup, yaliyoanza mwaka 1960, au ya Willem C. Vis ya usuluhishi wa kibiashara yanayofanyika Vienna. Mwanafunzi aliyeandaa hoja za pande zote mbili za shauri moja kwa miezi kadhaa hujifunza utafiti, uandishi na kusimama mbele ya majaji kuliko afanyavyo katika somo lolote la darasani. Uliza pia waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa, na kiwe na uzito kwako iwapo chuo hakina jibu.

Kwa aliyekwisha kupata nafasi katika shahada maalumu na ameipenda, yapo mambo yanayopunguza hatari niliyoieleza. Aandike barua au baruapepe kwa chama cha mawakili au baraza la elimu ya sheria la nchi anayofikiria kufanyia kazi, aambatanishe orodha ya masomo, aulize ni yapi yatakayotambuliwa, na alitunze jibu lililoandikwa, kwa kuwa maneno ya mtumishi wa udahili si ya mamlaka inayotoa leseni. Atumie nafasi zake za masomo ya kuchagua kuchukua mikataba ya watu binafsi, jinai, sheria ya katiba na mwenendo wa mashauri, hata kama majina yake hayavutii kama sheria ya anga za juu. Na aulize mapema, kabla ya mwaka wa pili kuisha, kama chuo kinamruhusu kuhamia shahada ya sheria ya nchi bila kupoteza alama alizokwisha kuzipata, kwa sababu vyuo vinavyoruhusu hilo huwa na tarehe ya mwisho ya kuomba.